Mtwara hadi Brussels na kikaratasi cha mama karani

Jumapili, Januari 26, 2025. Nanyamba

Zikibaki siku mbili kabla ya safari, mwenye akili anafunga begi. Mimi nilikuwa nyuma ya bodaboda, magoti yamelowa matope, nakwenda kwenye ghala la chama cha msingi huko ndani, upande wa Nanyamba. Mama karani wa mizani alinipigia simu juzi yake. "Fundi, nasikia unakwenda Ulaya kwa wenye hizo programu. Pita kwanza huku."

Miaka miwili iliyopita niliwaandikia programu ndogo ya mizani: jina la mkulima, namba yake, daraja la korosho, kilo, basi. Inakaa kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4, na haihitaji intaneti hata siku moja. Nimeiandika kwa lugha ya Python na GTK, vifaa vya kuchorea madirisha na vitufe, takwimu zinalala ndani ya hifadhidata ya SQLite, na chini, mahali pa Windows, kuna Linux. Hiyo Linux sikuiweka kwa ushabiki. Mashine ile haikidhi masharti ya Windows 11, na Windows 10 itaachwa kuhudumiwa Oktoba 14 mwaka huu. Chama hakina hela ya kununua kompyuta mpya kwa sababu tu tarehe imefika.

Msimu umekwisha. Ghalani kulikuwa na magunia matupu, mizani ya jukwaa iliyofunikwa turubai, na ile harufu ya maganda ya korosho ambayo haiondoki ukutani mwaka mzima. Mama karani akanipa kikaratasi alichokichana kwenye daftari. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwakubwa:

*1. Enter ndogo imekufa.*
*2. Inaniandikia MKULIMA IMEFUTWA. Nani kakufundisha Kiswahili?*

"Wape hao wakubwa wako wasome," akasema.

Hilo la pili lilinichoma maana ni kweli. Hilo la kwanza nikabisha. Nikamwambia, mama, Enter ni Enter, mbona kwangu inafanya kazi? Hakunijibu. Aliniangalia tu kama unavyomwangalia mtoto anayekwambia amenawa mikono. Nikakikunja kikaratasi mara mbili, nikakiweka ndani ya pasipoti.

Jumanne, Januari 28. Mtwara hadi Dar

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa stendi ya Mkanaledi. Basi limeondoka saa kumi na mbili kasoro, na kufika Mikindani jua ndiyo linapiga maji upande wa kulia. Mzee niliyekaa naye ana kuku wawili kwenye kikapu na redio inayokoroma. Aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia Ubelgiji, kwenye mkutano wa watu wanaotengeneza programu huria. Akauliza huria maana yake bure? Nikamwambia bure, lakini zaidi ya bure: unaruhusiwa kuifungua, kuona ilivyoshonwa, kuibadilisha na kumpa mwenzako. Akafikiri hadi tukavuka Mingoyo, kisha akasema, "Kama mbegu basi. Siyo kama zile za dukani." Nimewahi kusoma maelezo marefu ya jambo hili ambayo hayakufika hapo.

Lindi tumesimama kidogo. Halafu Mbwemkuru, Nangurukuru, Somanga. Somanga akina mama wanapandisha samaki wa kukaanga dirishani kabla basi halijasimama vizuri, na nimekula nikijua kabisa kwamba koo litaniwasha njia nzima.

Kuanzia hapo basi linapunguza mwendo kila baada ya muda. Huku ndiko maji yalikokata barabara Mei mwaka jana, kimbunga Hidaya kilipotua. Magari yakakwama kwa siku kadhaa pande zote mbili. Barabara haijatulia hata vizuri, Mei 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Kwa hiyo mwezi ule sisi wa kusini tulikatwa mara mbili, kwa lami na kwa waya. Vijana wenzangu wa Dar walikuwa wamekaa tu, maana kila walichojenga kinaishi kwenye seva ya mbali. Mama karani aliendelea kuorodhesha wakulima wa salfa, dawa ya mikorosho, kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliponipigia ilikuwa kuniuliza kwa nini meseji zangu za WhatsApp hazifiki.

Nikiulizwa kwa nini bado natengeneza programu za mezani, huwa nasimulia mwezi ule.

Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, na jioni Mbagala. Dar imevurugika: leo ndiyo wanamaliza mkutano wa wakuu wa nchi kuhusu nishati, ule wa Misheni 300, wenye lengo la kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Shemeji yangu anafungua geti akiuliza, "Mjumbe, umeletwa na msafara?"

Jumatano, Januari 29. Dar

Soko la Karume, koti la mtumba. Zito, lina kola ya manyoya. Ndani lina lebo ya duka la huko huko Ulaya, kwa hiyo nalirudisha kwao.

Alhamisi, Januari 30

Uwanja wa ndege, Addis Ababa, usingizi wa kukaa.

Ijumaa, Januari 31. Brussels

Dirisha la uhamiaji. Ofisa ananiuliza nimekuja kufanya nini. Mkutano wa programu. Naomba tiketi ya mkutano. Na hapo ndipo kilio changu cha miezi mitatu kinaporudi, maana FOSDEM, ndiyo mkutano wenyewe, haina tiketi. Haina kiingilio, haina usajili, haina kitambulisho cha kuvaa shingoni. Unaingia getini kama unavyoingia sokoni. Uzuri huo wote, ukiupeleka kwenye dirisha la viza, unageuka kuwa mashaka. Nilipoomba viza nyumbani niliambiwa nilete uthibitisho wa usajili, nikaeleza hakuna usajili, nikaambiwa basi nilete barua ya kuthibitisha kwamba hakuna usajili. Kilichoniokoa ni barua ya wenzangu wa mradi kwamba nimepangiwa zamu kwenye meza ya maonyesho. Barua hiyo hiyo nikaitoa hapa. Kikaratasi cha mama karani kikaanguka kwenye kaunta. Ofisa akakiokota, akakigeuza, akakitazama pande zote mbili kwa makini, akanirudishia. Karibu Ubelgiji.

(Ningekuwa na akili, ningejiuliza kwa nini amekigeuza.)

Baridi ya hapa haina upepo wa kusingizia. Imekaa tu, inakungoja. Hosteli nimepewa kitanda cha juu kwenye chumba cha watu sita, na wote sita tuna kompyuta zenye stika. Jioni wenzangu wakaenda kwenye baa ya Delirium, ambako watu wa FOSDEM hukusanyika Ijumaa kabla ya mkutano. Nimefika mlangoni, nimeona watu wamejaa uchochoro mzima glasi mkononi, nikanunua chipsi na kurudi kulala. Chipsi zao wanapakia mayonezi. Hawajui mayai yanavyofanya kazi.

Jumamosi, Februari 1. Siku ya kwanza ya FOSDEM

Basi namba 71 hadi chuo kikuu, ULB, kampasi ya Solbosch. Hakuna bango la kukuonyesha njia, na halihitajiki. Unafuata mabegi ya mgongoni.

Mkutano huu ulianza mwaka 2000, kwa hiyo mwaka huu wanasherehekea miaka 25. Ukumbi mkubwa unaitwa Janson, unapanda kama uwanja wa mpira, na ndani yake ufunguzi ulijaa hadi ngazini. Baada ya hapo kila mtu anakimbilia chumba chake. Mada ni mamia kwa siku mbili, vyumba ni vya kufundishia wanafunzi, na chumba kikijaa mlangoni wanaweka karatasi kwamba kimejaa. Hawakuonei haya, hata kama umetoka Mtwara. Asubuhi nzima nimesoma karatasi hizo nne. Nilichokitaka zaidi ni mada ya wale wanaosema takwimu zikae kwanza kwenye mashine ya mtumiaji, intaneti ije baadaye ikipenda. Nimekuta foleni inayozunguka kona. Nimechekea moyoni: wanajipanga foleni kwenda kufundishwa jinsi ya kuishi kama Nanyamba.

Jambo lingine dogo. Mtandao wa Wi-Fi mkuu hapa ni wa IPv6, zile anwani mpya za intaneti, peke yake. Ambaye mashine yake imezoea mambo ya zamani anawekewa mtandao wa pembeni unaoitwa FOSDEM-ancient, yaani wa wahenga. Simu yangu iliingia kwa wahenga bila kuuliza.

Mchana nikaingia zamu jengo K, meza ya GNOME, mradi wetu wa madirisha na programu za mezani za Linux. Jengo K lina kelele kama mnada. Meza zimepangwa pande zote, KDE, wanaotengeneza kitu kama chetu, na wenzao wako hapo hapo, na zile hadithi za kwamba GNOME na KDE hawasalimiani ni za watu wanaokaa nyumbani. KDE ilizaliwa 1996, GNOME 1997, na nilichokiona ni jirani kaja kuazima waya wa umeme. Kazi yangu ilikuwa kugawa stika, kupokea michango na kujibu maswali. Swali lililokuja mara nyingi lilikuwa lile lile kwa maneno tofauti: mwaka 2025 nani bado anaandika programu ya mezani? Wa tatu kuuliza alikuwa bwana mmoja wa makamo, mrefu, mikono nyuma. Nikaona maneno hayatoshi. Nikachomoa flashi, nikaiweka programu ya mizani kwenye kompyuta ya maonyesho iliyokuwa mezani, ile yenye kibodi kubwa kamili, nikamwambia: wewe ni karani, magunia yanakuja, andika.

Akaketi. Mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye zile tarakimu za pembeni, kama mkono wa mhasibu. Akapiga 8, 1, nukta, 5. Kisha kwa kidole gumba, bila kuangalia, akabonyeza Enter ya kwenye kona ya tarakimu.

Kimya. Kilo zimekaa pale pale.

Akabonyeza tena. Akaniangalia.

Nilihisi joto limepanda hadi masikioni, na lile koti. Enter ndogo! Laptopu yangu haina tarakimu za pembeni. Miaka miwili naandika programu ya kuingizia kilo na sijawahi kugusa kitufe ambacho karani anakigusa mara elfu kwa siku. Kwa GTK hizo ni Enter mbili zenye majina mawili: kubwa inaitwa Return, ya pembeni KP_Enter. Ningetumia ishara ya kawaida ya kisanduku cha kuandikia ingezitambua zote. Lakini mimi kwa ujuaji nilijiandikia kisikilizi changu cha vitufe, na nilikiambia kisikilize Return tu. Kwa hiyo msimu mzima mama yule alikuwa anapiga tarakimu kwa mkono wa kulia, anauinua, anauvusha katikati ya kibodi, anabonyeza Enter kubwa, anaurudisha. Gunia baada ya gunia. Na nilipokwenda kwake nilimbishia.

Nimerekebisha pale pale mezani, nimesimama, kwa kufuta mistari sita na kuandika mmoja. Yule bwana akajaribu tena, kilo zikashuka, akanyanyua kidole gumba. Akachukua stika mbili akaondoka. Sikumuuliza hata jina.

Usiku huo, hosteli

Nimelala chali kitanda cha juu, nimetoa kikaratasi nikate namba moja. Taa ya kitandani inapiga kutoka nyuma. Nikaona kuna maandishi upande wa pili, ya penseli, yaliyofifia:

*3. Umeme ukikatika mizani 3 za mwisho hazipo. Nalipa mimi.*

Nimeyasoma mara nyingi. Nalipa mimi. Mkulima ana kikaratasi chake cha mkononi kinachosema gunia limepimwa, kompyuta inasema hakuna gunia, na katikati yao kuna mtu mmoja mwenye mshahara. Hakunisemea kwa mdomo, na akaliandika nyuma, kwa penseli, tena la mwisho. Hasira zake zote alizionyesha kwenye "mkulima imefutwa."

Jumapili, Februari 2. Siku ya pili

Leo sikwenda chumba chochote. Nimekaa koridoni na kwenye foleni ya chakula, na ndiyo siku niliyofaidi zaidi. Mada wanazirekodi na kuziweka wazi, nitaziangalia nikirudi. Watu hawarekodiwi.

Foleni ya chipsi, uani. Mbele yangu mzee mwenye ndevu nyeupe na fulana ya mikutano iliyofifia. Tumeanza kwa hali ya hewa, nikamweleza tatizo langu. Hakuniuliza programu inafanya nini. Aliuliza mambo matatu.

"Mashine ina betri?"

Haina, ni ya mezani. Ile UPS waliyonunua ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, betri yake ilishakufa, sasa wanaitumia kama kiti cha printa.

"Hifadhidata iko kwenye WAL?"

Ndiyo.

"Synchronous umeweka nini?"

Nikamwambia NORMAL. Nilisoma mahali kwamba inaongeza kasi.

Akachovya chipsi. "Basi hizo kilo hazijapotea. Hazikuwahi kuandikwa."

Akanieleza tukiwa tumesimama, kwa vijiti vya chipsi. SQLite ikiwa katika hali ya WAL, kila rekodi mpya inaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, baadaye ndipo inahamishiwa kwenye faili kuu. Ukiiwekea FULL, ambayo ndiyo inakuja nayo kiwandani, kila rekodi ikikamilika SQLite inailazimisha diski ikiri kwamba imeandika kweli. Ukiiwekea NORMAL, inaiachia Linux ipeleke rekodi diskini kwa wakati wake, na Linux inaweza kuitunza kwenye RAM hadi nusu dakika hivi kabla ya kuimwaga. Umeme ukikatika ndani ya nusu dakika hiyo, faili haliharibiki, linafunguka salama kabisa, ila zile rekodi za mwisho zinakuwa kama hazikuwapo. Ndiyo maana sikuwahi kuona kosa lolote kwenye kumbukumbu za hitilafu. Na mama karani anapima gunia kwa sekunde kumi hivi, watu wanaposukumana. Nusu dakika gawanya kwa kumi. Tatu. Alihesabu sawasawa.

Mpangilio ule niliuweka mimi mwenyewe, usiku, sebuleni kwangu Shangani, kwenye laptopu yenye betri, nikifurahia kasi ambayo hakuna aliyeiomba.

Hilo la ngeli nilikutana nalo alasiri, jengo H, nimekaa sakafuni karibu na soketi. Dada mmoja anayetafsiri programu kwa Kipolandi alikuwa anachaji simu. Akaniambia lugha yao ina maumbo matatu ya wingi, na Kiarabu kimewekewa sita. Kiswahili je? Nikamwambia mawili tu. Akasema mna raha. Nikamwambia subiri, nikafungua daftari:

mkulima *amefutwa*, gunia *limefutwa*, kitabu *kimefutwa*, ripoti *imefutwa*.

Mimi niliandika sentensi moja yenye tundu, "... imefutwa," kisha nikawa natumbukiza jina lolote kwenye tundu. Kwa Kiingereza tundu hilo halina neno, kila kinachoingia kinakaa. Kwa Kiswahili kila kinachoingia kinadai kiambishi chake. Na siwezi kusingizia kwamba lugha yetu ni ngeni kwenye kompyuta: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa OpenOffice ya Kiswahili mwaka 2004, iliyoitwa Jambo OpenOffice, mimi nikiwa shule ya msingi. Tatizo ni kwamba mimi Mmakonde, naandikia Wamakonde, lakini nilianza na sentensi ya Kiingereza kichwani nikaivisha kanzu.

Dada yule akasema kanuni kwao ni moja: usishone sentensi vipande vipande, andika sentensi nzima kwa kila kitu, hata kama ni nyingi. Tukahesabu zangu, zikafika ishirini na tatu. Tumekaa karibu saa nzima. Nikaanza kuziandika pale pale hadi wahudumu walipoanza kukunja meza.

Jumatatu, Februari 3

Nimenunua chokoleti. Uwanja wa ndege.

Jumanne na Jumatano, Februari 4 na 5

Dar, joto la kukumbatia. Koti nimemwachia shemeji, analiangalia kama mnyama. Jumatano basi la kurudi, kiti cha nyuma, Somanga samaki tena, koo lile lile. Nilikuwa nimepanga kuandika msimbo njiani. Kutoka Nangurukuru hadi Lindi nimeandika neno moja na nimelifuta.

Ijumaa, Februari 7. Shangani, Mtwara

Nimebadilisha NORMAL kuwa FULL. Neno moja. Nimepima kasi kwenye diski ya zamani inayofanana na ile ya ghalani: kabla ya hapo rekodi ilikuwa inaingia papo hapo, sasa unaweza kuihisi inameza kidogo. Gunia linachukua sekunde kumi kupimwa. Mama karani hataona tofauti, na akiiona nitamweleza.

Jumamosi, Februari 8. Nanyamba

Chokoleti zilikuwa ishirini na nne Brussels. Ghalani limefika bonge moja. Mlinzi ameikata kwa panga, kila mtu kapata kipande.

Nikamwonyesha mama karani Enter ndogo. Akapiga 1, 2, 3, kidole gumba, 4, 5, 6, kidole gumba, haraka, uso haubadiliki. Nikamwomba radhi kwa kumbishia. "Umeiona kwa nani?" Nikamwambia kwa Mzungu mmoja. "Mzungu akisema ndiyo unasikia," akasema, lakini alikuwa ameshatabasamu.

Nikafungua zile sentensi ishirini na tatu, nikamsomea kwa fahari. Mkulima amefutwa. Gunia limefutwa. Akazisikiliza hadi ya sita.

"Mwanangu, mtu akishafuta si anajua amefuta nini? Andika TAYARI."

Nimekaa na hilo kidogo. Saa nzima sakafuni jengo H. Sentensi nimezibakiza kwenye ripoti, ila pale kwenye dirisha la kufutia sasa imeandikwa Tayari.

Likabaki lile la penseli. Sikulitaja, nilisema tu kwamba kuna jaribio. Korosho hazipo, kwa hiyo tumepima tulichonacho. Mlinzi alipanda mizani na bunduki yake, kisha akashuka akapanda bila bunduki. Tukapima tofali. Tukapima kuku wa jirani aliyekuwa anapita, miguu imefungwa kwa kamba ya gunia. Mama karani anaingiza kwa mkono wa kulia, rekodi nne kwa muda usiofika dakika. Ile ya kuku ilipoingia nikamwambia: sasa chomoa waya ukutani.

Akanitazama. "Si utaharibu?"

"Chomoa, mama."

Alikwenda hadi kwenye soketi, akauvuta waya kwa mikono miwili kama anayeng'oa muhogo. Kioo kikafa. Hakuna aliyesema neno, hata kuku. Nikahesabu hadi kumi, nikamwambia arudishe. Ile mashine inachukua dakika mbili na ushee kuwaka, na zote alizisimama, mkono kiunoni.

Programu ikafunguka. Mlinzi na bunduki, 71.0. Mlinzi bila bunduki, 67.5. Tofali, 3.2. Kuku, 1.9.

Alisogea akagusa kioo kwa kidole, mstari kwa mstari, akihesabu kimoyomoyo. Halafu akachomoa waya tena, bila kuniuliza, na kuurudisha, na kungoja. Nne. Mara ya tatu nikamwomba aache, diski ni ya mtumba.

Nikatoa kikaratasi, nikakata zote tatu mbele yake, nikambandikia stika ya GNOME pembeni mwa kioo, ule unyayo. Akaiangalia akiwa amesinzisha jicho moja. Akachukua kikaratasi mkononi mwangu, akatafuta mahali palipobaki pembeni, akaandika kwa kalamu ya bluu:

*4. Unyayo una vidole vinne. Waulize.*